GPS kwenye mashua ndogo ya mashindano: kisa cha kikundi kimoja cha Moshi

Majina ya wahusika, mwaka, daraja la mashua (yaani aina yake katika mashindano) na mji wa mashindano yameondolewa. Mpangilio wa matukio umebaki kama ulivyokuwa.

Usuli

Ukimwambia mtu wa Moshi kwamba kuna vijana wa hapa wanaoshindana kwa mashua ya matanga, atakuuliza wanaogelea kwenye theluji ya Kibo au vipi. Bahari iko mbali. Lakini kusini ya mji liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokusanyika na kuuanzisha mto Pangani. Wengi wanalijua kwa perege wake, wengine kwa mtambo wake wa umeme wa megawati 8. Wachache wanajua kwamba nyika iliyolizunguka haina cha kuuzuia upepo, na mchana maji yale yanaweza kumfundisha mtu usukani kwa ukali kabisa.

Kikundi chenyewe kilikuwa na watu wanne na mashua moja ya faibaglasi ya kuendeshwa na watu wawili, iliyonunuliwa pwani ikiwa imeshatumika. Nahodha alikuwa mwalimu wa sekondari. Baharia wa mbele, yule anayeshughulikia tanga dogo na kuegemeza uzito wake nje upepo unapozidi, alikuwa binti aliyemaliza chuo karibuni. Wa tatu ni fundi wa simu na redio mjini. Wa nne hakuwahi kupanda mashua hata mara moja: mzee mmoja, kiongozi mstaafu wa wapanda mlima, ambaye ndiye aliyekuwa na kifaa cha GPS.

Shida yao haikuwa kupotea njia. Kwenye bwawa unaiona nchi kavu pande zote. Shida ilikuwa upweke. Mabaharia wa pwani hujipima kwa mashua ya jirani: ukikaza demani (kamba ya kuvutia tanga) kidogo na jirani akaanza kubaki nyuma, umeshapata jibu. Hawa walikuwa peke yao na mitumbwi ya wavuvi. Wakibadilisha kitu kwenye tanga, hawakuwa na namna ya kujua kama wameongeza mwendo au wameongeza kelele tu. Hiyo ni sababu nzuri ya kutaka GPS, na kwa maoni yangu ni nzuri kuliko zile zinazotajwa na wengi. Bahati mbaya hawakuiandika popote, na baada ya muda waliisahau.

Kuchagua kifaa

Palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ni vifaa vilivyotengenezwa kwa mashindano ya matanga, kama vile vya Velocitek, vyenye tarakimu kubwa za mwendo na mwelekeo. Kimojawapo, ProStart, kinapima hata umbali uliobaki kufika mstari wa kuanzia. Bei pamoja na usafirishaji na ushuru iliwakatisha tamaa. Ya pili ni simu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Ya tatu ni kifaa cha mkononi cha wapanda mlima.

Nahodha alikwenda kumwona mzee.

"Shikamoo mzee. Tunaomba kile kifaa chako, tukijaribu majini."

"Marahaba mwanangu. Hiki kimelala kambi ya Barafu na kimefika Kibo. Maji ya mvua kinayajua. Ya kuzama siyajui mimi."

Mzee alikuwa amegusa jambo zito. Alama ya IPX7 iliyoandikwa kwenye kifaa inamaanisha kimepimwa ndani ya maji yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Haisemi lolote kuhusu wimbi linalopiga kifuniko cha betri kwa nguvu, wala kuhusu chumvi. Fundi alikagua mpira wa kuzibia maji, akakuta umekauka pembeni, akaupaka grisi ya silikoni. Kisha akakizamisha kwenye ndoo usiku kucha kikiwa na karatasi ya shashi ndani badala ya betri. Asubuhi shashi ilikuwa kavu. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na bado kila mwaka watu wanazamisha vifaa vya bei kubwa bila kukifanya.

Walianza na kifaa cha mzee, simu ikiwa akiba.

Kufunga, mara ya kwanza

Mashua ilikuwa na dira ya sumaku mbele ya mlingoti, juu ya sitaha. Ilionekana busara kuweka GPS kando yake, ili macho yaende mahali pamoja. Fundi alikifunga kwa klempu ya chuma na vile vifungo vya plastiki vya kubania nyaya, skrini ikiwa imelala ubavu kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Kamba ya usalama aliiacha ndefu.

Safari hiyo ilizaa matatizo manne kwa pamoja.

Kwanza, walipogeuza mashua kwenye upepo, kamba ya tanga la mbele ilinasa kitanzi cha kamba ya usalama na kung'oa kifaa. Kilibaki kinaning'inia ubavuni mwa mashua, kikipigwa na maji. Kamba ya usalama iliyokiokoa ndiyo hiyo hiyo iliyokiponza.

Pili, baharia wa mbele hakuona chochote kwenye skrini. Nahodha aliona vizuri, wakabishana kidogo, hadi binti alipovua miwani yake ya jua. Miwani ya kukata mng'aro wa maji hupitisha mwanga wa mkao mmoja tu, na skrini nyingi za vifaa hivi hutoa mwanga wa mkao mmoja pia. Mikao hiyo miwili ikipishana kwa nyuzi 90, skrini inakuwa nyeusi. Kifaa kilichosimama wima kingesomeka; kilicholazwa ubavu hakikusomeka.

Tatu, rekodi ya safari ilikuwa karibu haina maana. Kifaa kilikuwa kimewekwa kwenye mfumo wa kujichagulia lini kihifadhi alama, mfumo unaofaa mlimani ambako mtu hutembea polepole. Kila kona ya mashua ilionekana kama mstari uliochorwa na mtoto. Walibadilisha kikahifadhi alama kila sekunde.

La nne ndilo lililowachukua muda mrefu zaidi.

Dira iliyodanganya

Mwelekeo kwenye GPS na mwelekeo kwenye dira haukukubaliana, na tofauti ilizidi nyuzi kumi. Kwa mashua ya matanga hilo ni janga. Unapobisha kwenda joshi, yaani kukata kona kuelekea unakotoka upepo, unasoma upepo kwa dira: ukiona mwelekeo wako umesogea mbali na joshi kwa nyuzi tano au sita ukiwa umeshika upepo vilevile, ujue upepo umekugeukia vibaya na pengine ni wakati wa kugeuka.

Nahodha alidhani ni ile tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani. Alikuwa na haki ya kuuliza, ila jibu halikuwa hapo: Kaskazini mwa Tanzania tofauti hiyo ni ndogo, haifiki hata nyuzi mbili. Binti akasema labda mashua inateleza kando. Hilo nalo ni kweli kwa kiasi, kwani dira inaonyesha omo (pua ya mashua) umeelekea wapi, ilhali GPS inaonyesha chombo kizima kimekwenda wapi, na mashua inayobisha daima husukumwa kando kidogo. Lakini kama ni kuteleza, tofauti ingebadilika upande kila wanapogeuka. Hii ilikaa upande mmoja.

Fundi aliing'oa dira, akaipeleka dukani, akaiweka juu ya meza ya mbao mbali na vyuma. Akasogeza kifaa bila betri: sindano ikatulia. Akaweka betri mbili za AA, akasogeza tena, sindano ikahama. Gamba la betri za kawaida za alkali ni chuma. Akaileta klempu, sindano ikahama zaidi. Mwisho akaleta simu yenye mfuko wa kufungwa kwa sumaku, na sindano ikazunguka kama mlevi. "Kaka," alimwambia nahodha, "tulikuwa tunaitega dira wenyewe halafu tunaiuliza njia."

Alirudia akipima umbali kwa rula. Kwa kifaa kile, mara alipopita nusu mita sindano haikujali tena. Umbali huo si kanuni ya kila kifaa. Kanuni ni kupima mezani kabla ya kutoboa tundu lolote.

Simu kujaribiwa na kuachwa

Kwa kuwa kifaa cha mzee kilikuwa kinasubiri kufungwa upya, walitoka mara chache na simu. Sitakaa sana hapa. Kioo cha kugusa chenye matone ya maji kinajibonyeza chenyewe. Skrini ilizimika mwanga ili kujipoza: Apple wanataja nyuzi 35 za joto la hewa kuwa kikomo cha kutumia simu zao, na ndani ya mfuko wa plastiki juani kikomo kama hicho kinapitwa upesi. Simu ilibaki na kazi moja ambayo iliifanya vizuri, kurekodi video ya tanga ikiwa mikononi mwa mtu aliyekaa ufukweni.

Kufunga, mara ya pili

Safari hii walianza kwa kukaa ndani ya mashua ikiwa kwenye kigari chake, nchi kavu, tanga likiwa juu, wakiigiza mwendo mzima: kubisha, kugeuka, kwenda tanga mbili upepo ukiwa nyuma. Binti alishika kipande cha sabuni ya mche badala ya kifaa, akikihamisha huku nahodha akisema anapokiona bila kugeuza shingo. Walipata sehemu moja tu inayofaa wote wawili pande zote mbili: nyuma ya mlingoti, chini kidogo ya bumu, ule mti unaobeba tanga upande wa chini.

Sehemu hiyo ina kasoro zake. Mlingoti wa alumini unakificha kifaa kipande cha anga, na mawimbi ya setilaiti hayapiti kwenye metali. Siku hizi kifaa kinachopokea GPS ya Marekani pamoja na GLONASS ya Urusi au Galileo ya Ulaya kina setilaiti za kutosha juu kiasi kwamba kupoteza kipande hicho si tatizo. Mashua yenye mlingoti wa kaboni nayo ingepata kivuli kile kile. Kasoro ya pili ni kamba ya kukazia bumu kwenda chini, inayopita karibu. Ndiyo iliyoamua upana wa kishikizo.

Kishikizo kilitengenezwa na fundi wa madirisha ya alumini, kwa kipande kilichobaki kwenye kazi yake. Alumini haisumbui dira. Kilikunjwa kama kiganja, kikazungushiwa mlingoti juu ya ukanda wa mpira wa tyubu, kisha kikabanwa kwa mikanda ya nailoni badala ya klempu. Mpira ule ulifanya kazi mbili: kuzuia kuteleza na kupunguza mtetemo. Hawakutoboa mlingoti. Nawaunga mkono: tundu kwenye mlingoti ni mwanzo wa ufa, na mara nyingi sheria za daraja hazilipendi. Kifaa kilisimama wima, kikiinamishwa kidogo nyuma, na kamba ya usalama ikafupishwa hadi urefu wa kidole na kubanwa na utepe isiache kitanzi.

Kwenye skrini waliondoa ramani, kimo na saa ya machweo. Zilibaki namba mbili: mwendo kwa noti na mwelekeo. Noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa.

Jambo jingine dogo lililoleta faida ni kukiwasha mapema. Kifaa kilichokaa siku nyingi bila kuwashwa kinaweza kuhitaji zaidi ya dakika 12 kupata orodha nzima ya setilaiti kutoka angani. Wakawa wanakiwasha kabla ya kupandisha tanga. Pia walizima marekebisho ya WAAS na EGNOS, kwa kuwa mifumo hiyo ya masahihisho imetengenezwa kwa Marekani Kaskazini na Ulaya, haikulengwa kwa bwawa la Nyumba ya Mungu.

Mazoezi yalivyobadilika

Hapa ndipo kifaa kilipolipa gharama zake. Bwawani hakuna mkondo wa maana, kwa hiyo mwendo wa GPS, ambao hupimwa juu ya ardhi, unakaribia sana mwendo ndani ya maji. Tena mwendo huo unatoka kwenye badiliko la masafa ya mawimbi ya setilaiti, haupatikani kwa kutoa nukta moja kutoka nyingine, ndiyo maana ni sahihi kuliko vile mtu angedhani akisikia nukta yenyewe inaweza kukosea mita tatu hadi tano.

Walichukua mazoea ya kubadilisha kitu kimoja, kukaa nacho dakika kadhaa, kisha kurudisha kilivyokuwa. Bila kurudisha, ungeusifia mkazo wa demani kwa kazi iliyofanywa na upepo.

Nyumbani, rekodi iliwafundisha kitu ambacho skrini isingeweza. Ukichukua wastani wa mwelekeo upepo ukiwa kulia na wastani ukiwa kushoto, katikati yake ndiko upepo ulikotoka, na pembe kati ya hizo mbili inakuambia mashua inabisha vizuri kiasi gani. Yao ilikuwa pana mno. Tena kila walipogeuka, mwendo ulishuka kutoka karibu noti 5 hadi chini ya 2, na kurudi ulipokuwa kulichukua muda mrefu. Binti ndiye aliyeona: nahodha alikuwa anavuta kana, mpini wa usukani, kwa nguvu, usukani ukigeuka breki.

Sheria

Zikiwa zimebaki wiki chache, baharia wa mbele alisoma ilani ya mashindano pamoja na sheria za daraja la mashua yao. Nahodha alikuwa amezisoma pia, lakini kwa haraka ya mtu anayetafuta tarehe na ada. Zilisema kwamba wakati wa mbio hakiruhusiwi kifaa chochote kinachoonyesha mahali au mwendo.

Hili si la daraja lao peke yake. ILCA, mashua iliyokuwa ikiitwa Laser, nayo inaruhusu saa na dira lakini inakataa dira inayotumia GPS. Kanuni za World Sailing hutolewa upya kila miaka minne, na za daraja hubadilika kwa ratiba yake, hivyo kukumbuka zilivyosemwa zamani hakutoshi.

Palikuwa na ubishi. Fundi, aliyekuwa ametoa jasho lake, alitaka kishikizo kibaki "wakikataa tutaondoa." Nahodha aliiandikia kamati kuuliza kama kurekodi bila kuona kunaruhusiwa. Jibu likaja kwamba kunaruhusiwa iwapo skrini itafunikwa na kifaa kikae mahali pasipofikiwa. Uamuzi wa kuuliza kwa maandishi kabla ya kufika ndio ninaouona bora kuliko yote katika kisa hiki. Kubishana ufukweni na kamati, pingamizi likiwa limeshawekwa, kungewaondoa mbioni.

Mashindano na matokeo

Kifaa kilisafiri ndani ya mfuko mkavu chini ya sitaha. Faibaglasi haizuii mawimbi ya setilaiti kama metali, na rekodi ilitoka safi. Mbele ya mlingoti ilibaki dira peke yake, sasa ikisema kweli.

Walimaliza katikati ya kundi. Kwa mashua iliyokuwa haijawahi kukaa mstarini na nyingine, si haba. Kugeuka kwao kulikuwa kumeimarika, rekodi inathibitisha.

Mambo mawili yalionekana baadaye. Kwenye mstari wa kuanzia walikuwa wakijiweka mbali mno kwa hofu ya kuvuka mapema, na sekunde ya mwisho ilipofika walikuwa bado urefu wa mashua kadhaa nyuma. Jambo la pili lilitokana na bahari yenyewe. Ilikuwa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa kwa nguvu, na rekodi ilionyesha mwendo mzuri sana kwenda boya moja na mbaya kurudi. Nahodha alisifia jinsi walivyokaza tanga kwenda. Fundi akamwonyesha kwamba noti zile zilikuwa za maji, hazikuwa zao. Bwawani wasingejifunza hilo hata kwa miaka.

Uchambuzi

Kifaa cha bei ndogo kilitosha, na sidhani kifaa cha mashindano kingewapa zaidi kwa hatua waliyokuwa. Kile cha kupima umbali hadi mstarini kingewafaa mazoezini kwa tatizo la kuanza, lakini mbioni kingefungiwa mfukoni kama kile cha mzee.

Walichopoteza ni muda, na waliupoteza kwa mpangilio. Walichagua kifaa, wakachagua mahali, kisha wakasoma sheria. Mpangilio ukiwa kinyume, wangejua toka mwanzo kwamba wanatafuta chombo cha mazoezi na cha kurekodi. Mlingotini kingekwenda tangu siku ya kwanza kama mwalimu wa muda, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukibandika kando ya dira. Tatizo la sindano lisingetokea.

Kuna anayeweza kusema, basi mazoezi ya namba yaliwazoesha kitu wasichokuwa nacho siku ya mbio. Niliwauliza. Binti alijibu kwamba wiki za mwisho walikuwa wanafunika skrini kwa utepe, anakisia mwendo kwa sauti ya maji ubavuni na mvuto wa kamba mkononi, kisha nahodha anafunua na kusoma. Mwanzoni alikosea kwa noti nzima. Hadi wanaondoka Moshi alikuwa anakosea kwa nusu, mara nyingi chini ya hapo. Zoezi hilo halikuwa kwenye mpango wowote, lilibuniwa baada ya ilani kusomwa, na ningemshauri kila mwenye kifaa cha namna hii aanze nalo.

Kifaa kimerudi kwa mzee. Kikundi sasa kinatafuta kirekodi kidogo kisicho na skrini kwa ajili ya mbio. Kishikizo cha alumini kimebaki mlingotini kwa mazoezi, na fundi ameandika kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani yake, umbali wa kukaa mbali na dira.